Bichi kwa Bichi: Kutoka Dunga Hadi Luanda Kotieno kwa Miguu

Kwanza niwaondolee ndoto wale watakaofungua ramani ya simu, waione Ghuba ya Winam, kisha waseme, "Ah, hapa ni kufuata maji tu mpaka mwisho." Njia ya kufuata maji haipo. Nilitoka Dunga, kusini mwa mji wa Kisumu, nikazunguka upande wa kaskazini wa ghuba kupitia Seme na Asembo mpaka Luanda Kotieno kule Uyoma. Nikijumlisha saa ambazo kweli nilikuwa karibu na maji, hazifikii nusu. Saa nyingine zote nilikuwa katikati ya mashamba ya mtama, kwenye vichochoro vya mnyaa, au barabarani nikila vumbi la bodaboda. Kilichoko ni bichi, yaani vituo vya wavuvi ufukweni, moja baada ya nyingine. Unatoka bichi moja ukiwa na jina la bichi inayofuata na jina la mtu wa kumwulizia huko. Ukikosa hayo mawili, keti uagize chai kwanza.

Mimi ni mtu wa Nakuru. Ziwa la kwetu ni la chumvi, limezungushiwa ua wa umeme wa hifadhi, na ukitaka kulisogelea unalipa getini. Niliolewa Seme, na hata baada ya miaka ya kwenda na kurudi sikuwa nimelijua Nam Lolwe, kama Wajaluo wanavyoliita Ziwa Viktoria, zaidi ya kuliona kutoka dirisha la matatu. Anayelijua ni wifi yangu. Ameuza omena, dagaa wa ziwani, maisha yake yote ya utu uzima, amesomesha watoto kwa omena, na kila mara nikimsumbua kuhusu bichi zake alikuwa ananiambia, "Nyar Nakuru, siku moja nitakutembeza." Nyar ni binti kwa Kijaluo. Hatimaye tukatoka, mwezi wa pili, kabla ya mvua ndefu. Niseme mapema kwamba bila yeye nisingefika hata bichi ya Kaloka. Wengi walioniuliza habari za safari hii wanapanga kwenda peke yao, na hao ndio ninaowaandikia.

Dunga tulianzia kwa sababu ya samaki tu. Ukitaka mbuta, yaani sangara, au ngege, yaani sato, wa kukaanga na ugali ukiwa umetazama maji, Dunga hawajambo, na kuna njia ya mbao inayokuingiza kwenye mafunjo. Lakini ukitoka hapo kwenda kaskazini ni mji: Hippo Point, hifadhi ya Impala, kuta za hoteli na za nyumba za watu, kisha bandari ambako reli ilifika mwaka 1901, kisha uwanja wa ndege ambao barabara yake ya kurukia imekaribiana na ziwa. Hakuna pa kupita. Siku nzima tulitembea kwenye lami tukilisikia ziwa upande wa kushoto bila kuliona. Cha maana tulichokipata mjini ni mgongo wazi tulioula mtaa wa Obunga. Kwa asiyejua, mbuta akifika kiwandani minofu hukatwa ikasafirishwa nje, na kichwa na mifupa hubaki kwetu, vikakaangwa mafuta mengi vikawa kitoweo. Samaki huyo aliletwa ziwani miaka ya 1950, akala karibu kila kilichokuwemo, na sasa Kisumu inakula mifupa yake. Wifi hapendi nikisema hivyo. Anasema mifupa hiyo imelea watu.

Kwa hiyo ushauri wangu: kula Dunga, lala mjini, asubuhi panda matatu mpaka Kisian, ushuke uelekee bichi ya Ogal. Hapo ndipo safari inapoanza. Hujapoteza kitu.

Nije kwenye jambo lenyewe. Kila bichi ina kamati yake, na kila mtu huiita BMU. Ina mwenyekiti, ina katibu, ina kibanda au chumba cha mabati chenye daftari. BMU ndiyo inayojua boti ni ngapi, nani ametoka usiku, nani hajarudi. Wifi alikuwa na desturi moja ambayo mwanzoni niliiona ya kupoteza muda: akifika bichi, hata kabla ya kuulizia maji ya kunywa, anakwenda kwa katibu. Anasalimia, anasema sisi ni fulani kutoka kwa fulani, tunapita kwa miguu kwenda bichi ya mbele, hatununui samaki leo. Dakika kumi, wakati mwingine nusu saa. Kisha katibu anatoa simu, anampigia mwenzake wa mbele: kuna akina mama wawili wanakuja.

Faida yake niliijua siku wifi alipobaki nyuma akiongea na rafiki yake wa zamani, nami nikatangulia. Nilifika kwenye bichi ndogo asubuhi, wavu umetandazwa, vijana wanautoa uchafu, jua zuri. Nikatoa simu nipige picha. Mazungumzo yalikatika palepale. Kijana mmoja akaukunja wavu upesi, mwingine akaniuliza kwa Kiswahili cha adabu kabisa, "Mama, tukusaidie na nini?" Sikuelewa mpaka wifi alipofika akanieleza akicheka: mgeni mwenye simu mkononi ni mmoja wa watu watatu. Ni afisa wa uvuvi anayetafuta nyavu za macho madogo, ni mtu wa mradi anayekuja kuandika majina na harudi tena, au ni mnunuzi wa ploti. Hakuna hata mmoja wa kumchangamkia. Na mwanamke peke yake bichini alfajiri anachukuliwa kuwa mchuuzi, akafuatwa na mengine yanayowafuata wachuuzi. Mambo ya jaboya, ya mvuvi kumpa samaki mwanamke anayekubali kulala naye, bado yapo, na wanawake wa ziwani wenyewe ndio wanaoyapiga vita. Mkiwa wawili mnasalimika na maneno mengi. Mwanamke asiende peke yake. Kuna watakaosema namtisha mtu bure, lakini nimeshasema.

Wanunuzi wa ploti nao wamebadilisha njia. Kati ya Ogal na Paga, na tena ukikaribia Kaloka, tulikuta seng'enge iliyoshuka mpaka ndani ya maji. Wenyewe wako Nairobi, kazini kuna askari mmoja na mbwa. Wifi alikumbuka kijia kilichopita pale, kina mama wakipita na mabeseni kichwani, lakini sasa ni kuzunguka, na kuzunguka kwenyewe ni kuingia bara, kupita boma za watu, kurudi tena. Boma za huko zimezungushiwa mnyaa, Wajaluo huita ojuok. Ukivunja tawi, utomvu mweupe ukikuingia jichoni utalia siku nzima na huenda ukahitaji daktari. Vaa mikono mirefu, na usijifute uso kwa kiganja. Ukitaka kukatiza boma la mtu, piga hodi, simama, ngoja. Hakuna aliyetukatalia. Ajuza mmoja, niliyemwita dani kama wanavyowaita bibi zao, alitukalisha chini akatupa uji wa mtama kabla ya kutuonyesha njia, kisha akamtuma mjukuu wake atufikishe. Tulitembea na sukari, majani ya chai na vipande vya sabuni kwenye mkoba kwa ajili ya watu kama hao. Pesa wengine watakataa. Sukari haikataliwi.

Kitu kingine ambacho ramani haikuambii ni maji yenyewe kuhama. Mei 2020 ziwa lilipanda likafikia kimo ambacho hakikuwahi kuonekana tangu mafuriko ya miaka ya 1960, na halikurudi lote. Ile njia ya vumbi unayoiona kwenye simu, safi kabisa, pengine iko chini ya maji pamoja na misingi ya vibanda. Mahali pamoja tulikuta kuta za choo zimesimama ziwani, hatua nyingi kutoka ukingoni, ndege mweupe amekaa juu yake. Wifi alisimama akahesabu kwa kidole: hapa palikuwa na hoteli ya fulani, hapa tulikuwa tunaanikia, hapa mzani. Wenye hoteli walihamia juu, wengine hawakufungua tena. Baadhi ya majina aliyokuwa nayo kwenye simu yake ya zamani yalikuwa ya watu waliokwishaondoka bichini kabisa.

Na kwa kuwa nimetaja choo, niseme kwa uwazi kwa akina mama: bichi nyingi zilipoteza vyoo vyake kwenye maji hayo, na vilivyobaki ni vichache na vya foleni. Beba leso mbili, moja ya kujifunika, na ulizia kwenye boma za juu kabla hujabanwa.

Magugu maji nayo yana mambo yake. Asubuhi ghuba ndogo iko wazi, adhuhuri upepo umeyasukuma yote yakajaa, boti haziwezi kutoka. Upepo wa ziwa una ratiba. Usiku na alfajiri hutoka nchi kavu kwenda majini, na maji yanalala. Kuanzia mchana hugeuka, ukatoka ziwani, mawimbi yakainuka, na kama kuna mvua ya radi ndiyo saa zake. Tulijiwekea sheria: kutembea tangu saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tano, kulala chini ya mti, kutembea kidogo jioni, na kuwa ndani kabla ya saa kumi na mbili.

Sheria ya jioni ilitokana na kiboko. Tulikuwa tumechelewa, jua limelala, na mbele yetu kwenye mafunjo kulikuwa na njia nzuri, pana, ardhi imesagwa laini, inaelekea kulekule tunakotaka. Baada ya kuzunguka seng'enge mchana kutwa mtu anaiona njia kama hiyo anamshukuru Mungu. Tuliingia hatua kadhaa. Kijana mmoja aliyekuwa anavuta mtumbwi akapiga kelele kwa Kijaluo, wifi akanishika mkoba kwa nyuma nusura nianguke. Yule kijana alikuja akatuonyesha ardhini. Njia ya watu ina mfereji mmoja katikati, kwa sababu mtu huweka mguu mbele ya mguu. Ile ilikuwa na mifereji miwili sambamba na tuta la nyasi katikati yake, kwa kuwa kiboko miguu yake imeachana. "Mama, hiyo si ya watu," akasema. "Na saa hii ndiyo wenyewe wanatoka." Kiboko hutoka jioni kwenda kula majani nchi kavu, na anayekutwa kati yake na maji ndiye anayekufa. Tangu hapo kila nilipoingia kwenye mafunjo niliangalia chini kwanza.

Viatu: nilinunua buti za kupanda mlima Nakuru kwa bei ambayo sitaitaja mbele ya mume wangu. Zikiingia maji hazikauki. Wifi alivaa sandak za plastiki muda wote na soksi jioni, na hakupata lengelenge hata moja. Wavuvi wengine walikuwa na akala za tairi, wengine gambuti. Mimi nilimalizia kwa sandak za shilingi mia mbili kutoka sokoni, buti zikaning'inia begani.

Sehemu ya Seme ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na si kwa sababu ni kwetu. Mawe makubwa yamebebana kila mahali mpaka karibu na maji, na Kit Mikayi yenyewe, ule mlundo mkubwa unaoitwa jiwe la mke wa kwanza, uko bara kidogo kando ya barabara ya Bondo. Ukiwa na nguvu nenda, ukichoka umeshaona mawe ya kutosha. Majini kunaonekana kisiwa cha Ndere, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 1986, kidogo tu, kama kilomita nne za mraba. Na hapa ndipo nilipoona kazi ya omena kwa macho yangu. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, boti hutoka na taa, omena wakaifuata nuru, wakazungushiwa wavu. Kutoka ufukweni ziwa lote linakuwa na taa, ungedhani kuna mji ng'ambo. Kabla ya jua kutoka boti zinarudi na wanawake wako tayari na mabeseni, bei inapigwa kwa kelele, na kufika saa mbili kila kitu kimetandazwa juani kwenye nyavu kuukuu. Mvua ikinyesha saa nne, mtaji umeoza. Wifi alisimama pale akiwa hanunui, mikono nyuma, uso wa mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Kabla hatujaondoka alikuwa amenunua debe na kulituma nyumbani kwa boda.

Kama unataka kuona haya, panga safari kwa mwezi. Mwezi mpevu ukiwa juu, boti za omena hupumzika, na bichi inakuwa ya watu wanaocheza bao la ajua na kushona nyavu. Kuna pia miezi ya katikati ya mwaka ambapo uvuvi wa omena hufungwa. Kwa mtu anayetaka usingizi, hizo ndizo siku nzuri. Lojing moja tuliyolala, nisiyoitaja, ilikuwa ukuta kwa ukuta na baa, jenereta inanguruma mpaka alfajiri, na jenereta ilipozima wachuuzi wakaanza. Shilingi mia nane, maji ya kuoga ndoo moja. Usiku mwingine mwingi tulilala kwa ndugu na marafiki wa wifi. Kwa chakula, chai, kuchaji simu na zawadi ndogondogo, elfu moja na mia tano kwa siku zilimtosha mtu, na siku za boti ziliongezeka.

Ndiyo, tulipanda boti. Baina ya Kaloka na Asembo kuna mahali ambapo kuzunguka ghuba ni kutwa nzima na kuvuka ni muda wa kunywa chai. Kuna watu watakaosema basi hukutembea. Wavuke kwa kuogelea. Masharti yangu ni mawili tu: uvuke asubuhi, na usikanyage boti isiyo na jaketi la kuelea la kukutosha. Kwenye boti ya kwanza tuliyopewa majaketi yalikuwepo, yamefungwa pamoja kwa kamba chini ya injini, yamelowa mafuta. Tulishuka tukangoja nyingine.

Asembo tulikaa zaidi kwa sababu miguu ya nyar Nakuru ilikuwa imekwisha. Mwenyeji wetu alitundika chandarua kabla hata hajatupa maji ya kunawa. Huko wana sababu: Asembo na jirani zao wa Gem ndiko chandarua chenye dawa kilipofanyiwa majaribio makubwa miaka ya 1990, kikaonekana kupunguza vifo vya watoto. Watu wazima wa kule wanazungumza juu ya chandarua kama watu wa Nakuru wanavyozungumza juu ya sweta. Mimi nililala ndani ya chandarua kila usiku, lakini jioni nilikuwa nakaa nje na mikono wazi nikitazama taa. Malaria ilinishika nikiwa nimesharudi nyumbani, zaidi ya wiki moja baadaye. Kliniki niliyokwenda ilitaka kunipa dawa ya homa ya matumbo, maana Nakuru tuko juu na malaria si kitu cha kwanza kuwaziwa. Niliposema nimetoka ziwani ndipo wakapima damu. Mtu wa nyanda za juu hana kinga ya yule aliyezaliwa pale. Nenda kwa daktari kabla ya safari uulize dawa za kuzuia, na ukipata homa baadaye, neno la kwanza kinywani mwako liwe "nimetoka ziwani".

Uyoma ni kavu zaidi, miti michache, jua halina huruma, na hapo tulitembea barabarani bila aibu. Luanda Kotieno ni mwisho wa nchi: bichi, vibanda, feri ya kwenda Mbita. Ukiwa na nguvu unaweza kuvuka, kama saa moja majini, ukaendelea Rusinga, ambako Tom Mboya amezikwa na ambako barabara inazunguka kisiwa chote, kwa hiyo huwezi kupotea. Sisi tulikula ngege, tukapanda matatu ya kurudi Kisumu. Njia tuliyoikokota siku zote hizo iliisha kabla wifi hajamaliza kunieleza habari za mkopo wa chama chao.

Limebaki la kichocho. Tulikanyaga maji mara nyingi, kwenye kupanda na kushuka boti, kwenye kuzunguka seng'enge, na konokono wanaokibeba wako hukohuko kwenye majani ya ukingoni. Dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo iliyokwisha komaa, kwa hiyo kuimeza siku unayofika nyumbani hakusaidii sana. Niliambiwa ningoje kama wiki sita, nikangoja, nikameza, nikasikia kichefuchefu mchana mmoja, basi. Wifi nimempigia mara nyingi aende dispensari yao apimwe na yeye. Anasema ataenda omena wakifungwa, sasa hivi hana nafasi.